Mguu wa Kushoto kwenye Ampe

Mimi sipendi kushindwa. Naona niseme mapema, msomaji asije akadhani nilicheza na mgonjwa wangu ili kumfurahisha. Nilimhurumia, tena sana, lakini nilipocheza nilicheza kushinda.

Miaka hiyo nilifanya kazi ya tiba ya viungo katika kliniki ndogo ya Al Rayyan, huko Uarabuni. Wagonjwa wetu wengi walikuwa vibarua na wahudumu: mabega ya wapaka rangi, migongo ya wabeba mizigo, magoti ya walinzi wanaosimama kutwa. Huyu ninayemkumbuka alikuwa mama wa Kighana aliyefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Kitoroli kilichojaa mashuka mabichi kilimponyoka kwenye mteremko kikamvunja kifundo cha mguu wa kushoto. Mfupa uliunga vizuri. Nilimwonyesha picha za eksirei, nikamfuatishia kwa kalamu mahali palipounga. Bado alitembea kama mtu aliye pekupeku kwenye lami ya saa saba mchana, akiuweka ule mguu chini na kuuondoa kabla haujabeba chochote.

Kampuni yake ilimpa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha ningeandika ripoti, na kama ripoti ingesema bado anachechemea, angekatiwa tiketi ya kurudi kwao. Alinieleza hayo siku ya kwanza, bila machozi. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na cha nyumbani kwake.

"Sista, nilitoka kwetu nikitembea," alisema. "Sitaki wanipokee uwanja wa ndege nikiburuta mguu."

Nilimpa mazoezi yote niliyosomea. Kuvuta kamba ya mpira, kupanda kidaraja, kusimama juu ya ubao unaoyumba. Aliyafanya kwa adabu, vile mtu anavyokula uji wa hospitali. Nikimwambia asimame kwa mguu wa kushoto peke yake, alishika ukuta, akatabasamu, akahamia wa kulia. Uvumilivu si karama yangu. Nilimwambia mguu umepona, mgonjwa sasa ni kichwa chake. Akaniambia basi nikifunge kichwa bandeji.

Siku moja, akiwa amekaa kitandani nikimkanda kifundo, kwenye simu yake uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa binti yake. Nilisikia makofi ya haraka, vishindo vya miguu, wasichana wakiimba na kucheka. Uso wake ulibadilika kabisa. Nikamuuliza hiyo ni kwaya gani.

"Si kwaya. Ni ampe."

Akanieleza. Mnasimama wawili mkitazamana. Kabla ya kuanza mnagawana, mmoja anachukua sawa, mwingine tofauti. Mnapiga makofi, mnaruka pamoja, na mnapotua kila mmoja anatoa mguu mmoja mbele. Mkitoa wa upande mmoja, kulia kwa kulia au kushoto kwa kushoto, wa sawa amepata pointi. Mkitoa kulia kwa kushoto, pointi ni ya tofauti. Kwao wasichana hujipanga mstari mzima. Anayeshinda anabaki uwanjani kupambana na anayefuata, na wengine wanaimba ili mruko usipoteze mwendo. Alisema mchezo huu unachezwa Ghana nzima, lakini yeye ni wa kabila la Waewe, wa kule mashariki karibu na mpaka wa Togo, na makofi ya Waewe ndiyo makofi. Wengine wanagonga viganja tu.

Mimi nilikulia Nakuru nikiruka bladda, zile kamba za mpira wa tyubu, na mtaani kwetu hakuna aliyeniweza. Nikamwambia ashuke kitandani anifundishe.

Mwanzoni hatukuruka. Tulipiga makofi na kutoa mguu tukiwa tumesimama. Kisha tukaanza kuinua visigino. Kisha, siku ambayo msimamizi wangu alikuwa mkutanoni, tukaruka kidogo, kiasi cha kupitisha karatasi chini ya soli. Nilikuwa mzito wa makofi. Nilipiga kama tupigavyo kanisani, taratibu na kwa kuitikia, naye akawa ananirudisha mwanzo kama mwalimu wa nasari. Hata hivyo nilimshinda. Nilimshinda siku hiyo, na siku iliyofuata, na zote zilizofuata.

Siri haikuwa ujuzi. Katika ampe, ukitoa mguu mmoja mbele, unatua kwa ule mwingine. Yeye kila mara alitoa wa kushoto, ili atue kwa wa kulia, ule mzima. Sasa mchezo wote ni kumficha mwenzako mguu utakaotoa, na mimi nilikuwa naujua kabla hajaruka. Nikiwa wa sawa nilitoa wa kushoto. Nikiwa wa tofauti nilitoa wa kulia.

"Unanisoma," alisema.

"Hata kipofu angekusoma."

"Najua. Mimi nauambia mguu, mguu unakataa." Alicheka, halafu akaacha kucheka, nami nikaona jinsi alivyoogopa. Ningeweza kumwachia pointi moja mbili. Sikumwachia, na nadhani angenidharau kama ningefanya hivyo.

Mlinzi wa mlangoni, kijana wa Busia, alikuwa akitutazama kupitia kioo. Akaja akajiteua refa. "Daktari, huyu mama unamuonea," aliniambia. Pale kliniki kila mtu kwake alikuwa daktari.

Wiki ya mwisho ilifika. Msimamizi alitaka ripoti mezani Alhamisi kabla ya kufunga. Niliifungua kwenye kompyuta asubuhi ya siku hiyo, nikaandika kwamba mfupa umeunga na misuli ina nguvu, nikafika kwenye mstari wa mwendo nikakwama. Nilitaka kudanganya. Lakini kampuni ilikuwa na daktari wake, naye angemwona akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na hiyo ingetosha. Nilikuwa na hasira na kampuni, na mguu, na mimi mwenyewe.

Alipokuja mchana hakupanda kitandani. Alivua kandambili, akasimama katikati ya chumba.

"Kabla hujaandika," alisema. "Mimi tofauti."

Refa akaingia bila kuitwa. Tukapiga makofi, na safari hii nilikuwa nimeshika mwendo sawasawa. Tukaruka. Nikatoa wa kushoto, maana nilikuwa wa sawa na nilijua atatoa nini.

Akatoa wa kulia.

"Pointi ya mama," refa akasema.

"Pointi gani?" Nilipandwa na moto. "Amechelewa. Amengoja aone wangu ndio akatoa wake. Turudie."

"Hajachelewa."

"Amechelewa. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

"Daktari, wacha kelele kwanza," alisema, akinionyesha chini. "Si uangalie amesimamia gani."

Nikaangalia. Alikuwa bado hajashusha mguu. Ule wa kulia aliuning'iniza mbele yake, hewani, akisubiri tumalize ubishi, na uzito wake wote ulikuwa juu ya kifundo cha kushoto. Hakushika ukuta. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania sakafu. Alikuwa akitetemeka kidogo, akitutazama mmoja baada ya mwingine, kama anayengoja aambiwe matokeo ya mtu mwingine.

Nikasema pointi ni yake.

"Hapana," alisema, akashusha mguu taratibu. "Sitaki pointi ya kubishaniwa. Turudie."

Tukajipanga tena, tukaanza makofi. Tuliporuka, sikujua atatoa mguu gani.