Mkebe wa Korongo Ulivyotupumbaza Mghange

Enzi zetu kule mlimani Mghange, kampuni haikusifiwa kwa kile ilichouza. Ilisifiwa kwa kile kilichobaki baada ya kuisha. Mafuta ya kupikia yalikuwa mafuta tu, lakini mkebe wake ulikuwa kipimo cha maharagwe, baadaye chungu cha maua, na ukishatoboka kabisa ulifungwa kamba ukawa kengele ya kutisha tumbili shambani. Mkebe wa maziwa ya unga ulitoa koroboi nzuri. Gunia la mbolea likishonwa vizuri lilikuwa koti la mvua. Wewe uliyezaliwa miaka ile unajua ninachosema, maana nawe ulikwenda shuleni na vitabu kwenye mfuko wa sukari.

Vijana wa siku hizi hujirekodi video wakifungua sanduku la simu, halafu sanduku lenyewe, gumu na zuri, wanalitupa kwenye taka. Mama yangu angewaonea huruma sana.

Kila Jumamosi asubuhi akina mama walishuka mferejini na mikebe yao. Mfereji wetu ulitoka juu msituni ukapita katikati ya mashamba ya kabichi, maji yake baridi ya kuuma vidole, na ukungu ulikuwa haujainuka bado. Sisi wasichana tulicheza kati kando ya njia, tukikwepa mpira wa makaratasi, tukinuka moshi na sabuni ya kipande. Mikebe ilisuguliwa kwa majivu na mchanga, ikapangwa juu ya jiwe ikauke, kisha akina mama wakasimama, mikono kiunoni, wakatoa hukumu.

"Hawa wa mafuta wamelala," Mama Mkamburi, jirani yetu, alipenda kusema. "Kifuniko ni kile kile tangu niolewe."

"Wa majani chai wanajaribu."

"Wanajaribu wapi? Kutu inaingia kabla ya Krismasi!"

Hivyo ndivyo tulivyojua kampuni ipi ina akili na ipi inatuchezea. Hatukuwa na redio ya kutuambia, na hata ingekuwepo, Mama Mkamburi angebishana nayo.

Halafu ikaja Korongo. Jina lake hasa lilikuwa refu na la Kizungu, hakuna aliyelishika, kwa hiyo tuliiita kwa picha ya karatasi yake, ya ndege amesimama kwa mguu mmoja. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu wa kabichi. Mzee Mwadime, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko yote upande wetu, ndiye aliyeinunua kwanza, na dawa ilipokwisha alimpa mke wake mkebe. Jumamosi ile hakuna aliyesugua kitu. Wote walikuwa wamezunguka jiwe.

Haukushika kutu. Ulikuwa na mdomo mpana, mkono unaweza kuingia. Ulikuwa na mshikio uliokaa vizuri vidoleni, na kifuniko chenye raba ndani: ukikibonyeza kilisema "ta!" na hata ukiugeuza juu chini, tone halitoki. Karatasi yake nayo ilikuwa maajabu. Ukiilowesha kidogo ilibanduka yote mara moja, haikuacha hata gundi.

"Hata hilo walilifikiria," akasema Mama Mkamburi, na sikuwahi kumsikia akisifu kitu kwa sauti ya chini namna ile. "Hawa walikaa chini wakamfikiria mtu wa shamba."

Mwaka ule, nyumba iliyokuwa na mkebe wa Korongo ilijulikana. Wenzangu waliutumia kubebea uji shuleni ukabaki moto mpaka saa sita. Mimi nilibeba wangu kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na nilikuwa nikinywea nyuma ya darasa nisionekane. Nilimsumbua Mama msimu mzima. Mwishowe alikwenda kupalilia kwa Mzee Mwadime, na jioni akarudi na mkebe kichwani, umefunikwa na leso utadhani amebeba mtoto.

Karatasi ilikuwa bado haijatoka. Mama hakuwa amesoma. Mimi nilikuwa darasa la sita, msomaji wa nyumba, niliyemsomea barua za Baba kutoka mashamba ya mkonge kule chini. Chini ya korongo ulipita mstari mwekundu, ambao sote tuliuona kuwa pambo, na chini ya mstari yalikuwepo maandishi madogo ya Kiingereza.

"Soma," Mama akasema.

Nilisoma nikiruka maneno nisiyoyajua, na yalikuwa mengi. Sentensi moja tu niliielewa toka mwanzo mpaka mwisho: iwekwe mbali na watoto.

"Imeandikwa watoto wasiguse, Mama."

Mama alicheka kwa furaha. "Umeona? Hata wenyewe wanajua ni kitu cha maana."

Nyumbani kwetu, vitu vilivyowekwa mbali na watoto vilikuwa sukari, vikombe vya wageni na Biblia ya Baba. Nami nikaona ni kweli, ni kitu cha maana. Nikaulowesha mkebe kwenye karai, nikaibandua ile karatasi kwa mikono yangu, nikaifanya tiara ya kurusha.

Usidhani Mama alikuwa mzembe. Aliusugua kwa majivu, akausuuza kwa maji moto, akachemsha majani ya mlimau akayaacha ndani siku mbili, akauanika juani siku tatu. Alinusa, akaninusisha. Ulinuka limau.

Siku ya kwanza kuutumia tulikuwa tumefunga shule, tunapanda viazi. Mama alipika uji wa wimbi wenye uchachu, akaumimina ukiwa wa moto, akabonyeza kifuniko. "Ta!" Tukatazamana tukacheka. Saa sita tukakaa kwenye tuta kula kimanga, mihogo na maharagwe ya kuponda, kilichobaki jana, na Mama akafungua mkebe. Kwetu aliye mdogo ndiye hupewa kwanza, na mdogo alikuwa ndugu yangu Wakesho, wa miaka minne, mwenye midomo ya kubishana kama Mama Mkamburi. Akanywa kikombe, akaomba cha pili, akapewa. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kupokea changu alipoanza kutoa mate.

Tulidhani anacheza. Mate yakawa mengi, yakamlowesha kifua. Akatoa jasho katika baridi ile. Aliniangalia, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa ndogo kama mbegu za mchicha. Mpaka leo, mtu akinitazama karibu sana kwenye mwangaza, mimi naangalia kwanza mboni zake.

Mama alimfunga mgongoni kwa leso tukashika njia ya Wundanyi. Alikimbia kwenye miteremko, akatembea kwa kasi kwenye miinuko, akiita jina la Wakesho kila hatua kadhaa, na kila mara nilisikiliza kama atajibiwa. Mimi nilikuwa nyuma. Nilikuwa nimebeba mkebe, kwa sababu Mama alikuwa amesema, "Chukua na uji, akipata nafuu atataka."

Hospitalini tulipokelewa na daktari mmoja kijana, shati limekunjwa mikono.

"Amekula nini?"

"Uji tu, daktari. Uji wa nyumbani."

"Uko wapi?"

Nikampa. Alifungua, akanusa, akaugeuza mkebe akiitafuta karatasi ambayo haikuwepo tena. Kisha akaichomoa raba ya kifuniko kwa ukucha, akainusa peke yake, na uso wake ukabadilika.

"Karatasi ya hapa nani aliibandua?"

Mama aliniangalia. Mimi niliangalia sakafu. Daktari hakungoja, alimnyakua Wakesho akakimbia naye ndani, nasi tukabaki kwenye benchi kuanzia saa nane. Kila mlango ulipolia niliinuka. Niliogopa Wakesho atakufa. Na nitasema ukweli ambao sikuwahi kuusema mlimani: niliogopa pia kwamba atapona aulizwe nani aliibandua karatasi, na kwamba akifa nitaulizwa mimi.

Jua lilikuwa limehama kutoka mlangoni mpaka kwenye ua daktari alipotoka. Alikuwa amelowa jasho. Alisema mtoto amepewa sindano, amezinduka, lakini atalala pale. Akamweleza Mama polepole, kwa heshima, kwamba mkebe mwenyewe labda ulitakata, ila ile raba ilikuwa imefyonza dawa, na uji wa moto wenye uchachu ndio ulioitoa. Angekunywa kikombe cha tatu, alisema, na hakumaliza.

Wakesho alirudi nyumbani baada ya siku nne. Leo ana watoto wake na husimulia kisa hiki kwenye harusi, watu wakavunjika mbavu. Mimi hutoka nje.

Tuliporudi, Mama alichukua panga akautoboa mkebe matobo matano. Majirani walikuja kumpa pole mgonjwa, wakamkuta Mama bado ameshika panga.

"Mama Mkawasi," Mama Mkamburi akasema, akimwita Mama kwa jina langu na kugusa tobo moja kwa kidole, "umeharibu mkebe wa watu bure. Si makosa ya kampuni. Raba unaitoa kwanza, unaisugua peke yake."

Wengine wakaitikia. Na Jumamosi iliyofuata nilishuka mferejini nikaiona mikebe ya Korongo juu ya jiwe, inang'aa juani kama kawaida, na kuizunguka walikuwa akina mama wale wale, na pembeni watoto wao, kila mmoja mzima. Msimu wote nilikuwa nikiwatazama wenzangu wakinywa uji shuleni. Sikusema kitu. Mtoto akiwakosoa watu wazima enzi zile alijua atakachokipata, na mimi nilikuwa na la kuficha.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Ila barua ya Baba ilipokuja mwisho wa mwezi, aliifunga kwenye pindo la leso akaipeleka kwa mke wa mchungaji asomewe huko. Nilikaa kwenye ngazi nikamngoja arudi. Toka siku hiyo hakuniambia tena, "Soma."

Sasa naishi Voi, kwenye joto, kwa binti yangu Mghoi, na mjukuu wangu Neema ana miezi saba. Jumapili iliyopita Mghoi alikuwa na wenzake sebuleni baada ya kanisa. Mmoja alikuwa ametumiwa maswali kwenye simu, wachague kampuni zipi ni bunifu kweli na zipi zinapiga domo tu. Wakagombana vizuri kabisa. Nikiwa jikoni niliwasikia, nikatabasamu, nikaona mferejini hatukuwa washamba peke yetu.

"Hao wa simu wanabadilisha rangi tu kila mwaka, wametubeba ufala," mmoja wao akasema.

"Kwangu namba moja ni hawa wa mbu," Mghoi akasema. "Wamewaza, si mchezo. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna neti ya kukusumbua. Unawasha na simu ukiwa job."

Alikuwa akisema juu ya kidude cheupe, laini, kinachochomekwa kwenye umeme ukutani juu ya kitanda cha mtoto kitoe dawa ya kuua mbu. Nilikuwa nimekiona wiki nzima nikadhani ni taa. Nikatoka jikoni, kijiko mkononi.

"Mghoi, karatasi yake iko wapi?"

"Karatasi ya nini, Mum? Siku hizi haziko. Unascan."

"Na ukiscan, unasoma?"

Wakacheka wote, bila ubaya. "Nani husoma, Mum? Unabonyeza kukubali, kinaanza."

Nikamkumbusha habari za Wakesho. Alinisikiliza, binti yangu ana adabu. Akanishika bega. "Pole, Mum. Lakini hiyo ilikuwa zamani. Kampuni siku hizi ziko chonjo, zikikosea zinamalizwa mtandaoni."

Labda ni kweli. Sina ushahidi wowote juu ya kile kidude, na sitaki kukisingizia. Pengine ni kizuri kuliko vyote ambavyo Mama aliwahi kuota. Nasema tu kwamba sikukijua, na hata yeye hakukijua, na kati yetu alikuwa amelala mtoto asiyeweza kusema kichwa kinamuuma.

Jana Mghoi aliniachia Neema akaenda kazini. Mlangoni alisema, "Tafadhali usizime, Mum. Mvua imenyesha, mbu ni wengi, na neti nilimpa jirani." Nikasema sawa. Alipopinda kona nikakichomoa.

Nilikaa kando ya kitanda na leso nikimpepea. Mbu wa Voi hawana haraka. Nilimwimbia nyimbo za kwetu, nikampepea mkono wa kulia, nikampepea wa kushoto, na jua lilipoanza kushuka usingizi ukanichukua. Sijui kwa muda gani. Mghoi ndiye aliyeniamsha. Alikuwa ameinama juu ya mtoto, na kwenye shavu la Neema kulikuwa na alama tatu nyekundu, na nyingine kwenye kope la jicho.

Hakunigombeza. Alimnyanyua mwanawe akaenda naye chumba cha pili, akafunga mlango taratibu.

Enzi zetu hofu ilikuwa na njia ya kukimbilia. Mama alijifunga mtoto mgongoni, akajua ni Wundanyi, na aliyempokea alijua la kuuliza. Siku hizi kila kitu ndani ya nyumba kina akili kutuzidi, na hatujui tukimbie kutoka wapi kwenda wapi. Leo asubuhi Mghoi hakuniachia mtoto. Amempeleka kwa jirani. Nimesimama dirishani tangu wameondoka, najua homa ya malaria huchukua siku kadhaa kabla ya kuonekana, na kila mtoto anayelia upande ule wa ua namsikiliza kwanza kama ni wetu.