Link Yangu Ilimzika Anti Akiwa Hai

Hapana, usiniambie ati ni kompyuta ilikosea. Ni mimi! Kompyuta ilifanya tu vile nilisema.

Mimi ndio huweka vitu kwa website ya watu wa kwetu. Iko na kurasa za aina mbili: biashara, na tanzia. Binamu yangu Ochi, mwenye alinifundisha, alinionya kabisa. "Kila aina ipe njia yake. Link iseme biashara ama tanzia, ndio jina lifuate."

Nikamwambia, "Ochi, wacha uzee. Link ndefu hivyo nani atabonyeza?" Nikatoa hayo maneno. Zote zikabaki na jina la mtu tu.

Anti yangu Rose Adhiambo huuza omena, dagaa wa ziwa, huko Asembo Bay. Hiyo omena ndio ilinisomesha. Nikamtengenezea ukurasa, akawatumia wateja wake wote link. Alijivunia aje!

Halafu mama mwingine akafa Kombewa. Yeye pia Rose Adhiambo. Na huku kwetu majina ni hayo hayo, nilijua! Familia haikuwa imetuma picha, nikaweka tanzia hivyo hivyo, mbio mbio. Kompyuta haikukataa, juu hukataa jina likirudiwa ndani ya aina moja tu, na hizo ni aina mbili. Kutoka hapo link zikawa moja: ukibonyeza ya anti, unapata mazishi.

Anti hakujua. Aliona tu simu imenyamaza, magunia yanajaa.

Jana Mama Njeri, mteja wake mkubwa wa soko la Manyatta, akakuja na sukari na majani ya chai ya kupea wafiwa. Akampata anti anaanika omena, mimi namsaidia. Akapiga nduru!

"Si ulizikwa Jumamosi?"

"Nizikwe na nani, na hii kazi yote?" Anti akacheka mpaka akakaa chini. "Kwani hungenipigia?"

"Nani hupigia maiti simu, Mama?" Mama Njeri hakucheka, akamfungulia ile link kwa simu yake. "Sisi wote pale sokoni tulishachukua mtu mwingine wa kutuletea omena. Sasa nimfukuze nikisema nini?"

Anti akaangalia hiyo simu, akaniangalia mimi. "Mtoto wangu, nyathina, nilikusomesha ndio unizike?"

Hajaniongelesha tena. Ai, heri angenichapa!

Wewe mwenye hutaki kuambiwa, fungua link yako mwenyewe kabla upee watu. Mimi sikufungua hata mara moja!

Nimeshatenganisha njia. Lakini hiyo hairudishi wateja. Kesho asubuhi nabeba gunia, nampeleka anti Manyatta, meza kwa meza, wamwone na macho. Akikataa kutembea na mimi, naenda peke yangu, niwaambie ni mimi nilimuua.