Upawa wa Bibi

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo naikumbuka kwa harufu ya vitumbua vilivyoungua. Nimekuwa na siku nyingi nzuri katika umri huu wangu, nimeolewa, nimezaa, nimestaafu ualimu nikapigiwa ngoma, lakini nikiulizwa ni siku gani nilipata akili, nitaitaja hiyo. Kaa kidogo nikuhadithie, maana juzi kwenye msiba wa jirani nilikuona umesimama mlangoni na simu mkononi, unawaambia watani waliokuwa wakimwigiza marehemu watulie, wawe siriasi, wasitutie aibu mbele ya wageni wa Dar. Sikukukemea pale. Ningekukemeaje, na mimi niliwahi kufanya hayo hayo, tena kwa ubaya zaidi?

Babu na bibi waliomzaa mama yangu, Zaina, waliishi hapa hapa Kilwa Masoko, nyumba ya tatu kutoka sokoni. Babu alikuwa Mmatumbi. Aliteremka ujanani kutoka milima ya Kipatimu na baiskeli iliyobeba machungwa, tairi likatoboka mbele ya nyumba ya kina Bibi, naye akaomba beseni la maji ya kutafutia tundu. Alikuwa akisema kwamba tundu lile hajaliona mpaka leo, ndiyo maana hajarudi kwao. Bibi akijibu kwamba angejua mgeni atakaa miaka arobaini na ushei, asingempa lile beseni.

Baraza ya nyumba waligawana. Upande wa kulia Babu alitengeneza baiskeli, upande wa kushoto Bibi alipika vitumbua. Kila asubuhi, nasema kila asubuhi, Babu alinyoosha mkono uliojaa grisi kuchukua kitumbua cha kwanza, na kila asubuhi Bibi alimgonga vidole kwa upawa aliochotea unga. "Baba Zaina, mikono hiyo. Nenda kanawe." Babu alinung'unika, akaenda kunawa, akarudi akala. Wateja wengine waliwahi ili tu wasiukose mchezo huo. Sisi wajukuu tulijua kabisa kwamba angeweza kunawa mapema. Nilimuuliza siku moja, akanijibu, "Nikinawa mapema, nani atanigombeza?"

Na kwetu mjukuu ni mtani wa babu na bibi yake, hilo unalijua. Babu aliniita mke wake mdogo, Bibi aliniita mke mwenza. Nilipokuwa naondoka kwenda chuo cha ualimu, Bibi alinisindikiza mpaka stendi akaniambia, "Mke mwenza, mimi nikitangulia, upawa wangu ni wako. Usimwache mume wetu akala na grisi." Nikacheka, basi likaondoka, nikasahau.

Bibi alifariki katika mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nafundisha Lindi, na mwalimu mkuu wangu alikuja kunipa pole pamoja na walimu wenzangu wanne. Mwanangu, nitasema ukweli ingawa unanichoma: nilipowaona wanashuka kwenye gari, niliacha kulia nikaanza kuangalia kama uwanja umefagiliwa. Niliwaza watapaonaje kwetu. Ndipo binamu yangu Rajabu akatokea ndani, amejifunga khanga ya Bibi, upawa mkononi, anatembea kwa kuyumba kama alivyotembea Bibi, anawagonga wazee vidole mmoja mmoja. "Mikono hiyo. Mikono hiyo." Watu wakaanza kucheka. Nikamvamia, nikampokonya upawa.

"Huna haya? Bibi hata hajatolewa ndani, wewe unafanya vichekesho mbele ya wageni?"

Rajabu alinitazama, akaifungua ile khanga, akaikunja vizuri, akanipa. Wajukuu wengine wakaona, wakaacha utani wao. Jeneza likatoka bila mtani hata mmoja kulizuia mlangoni. Mwalimu mkuu alinisifu kwamba msiba wetu ulikuwa na utaratibu, nami, mjinga mimi, nikafurahi.

Kumbe utaratibu ule ulimkaa Babu kooni. Siku ya kwanza hakula, tukasema ni majonzi. Siku ya pili uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Alikaa kwenye mkeka upande wake wa baraza, ameshika mnyororo wa baiskeli, anauzungusha vidoleni, hasemi na mtu. Asubuhi ya siku ya tatu dada yake mdogo, Bibi Fatu, aliniita uani. Hakupandisha sauti.

"Kaka yangu anamfuata mkewe. Unamwona?"

"Namwona, bibi."

"Hajacheka tangu mkewe afe, na wala hajalia. Yote yamemkwama ndani. Umeyaziba wewe, kwa ajili ya watu ambao wameshapanda gari wamekwenda zao. Si wewe uliyeachiwa upawa?"

Nililia pale uani, kwa haya na kwa kumlilia Bibi, vyote pamoja. Kisha nikajifunga khanga yake, nikabeba jiko na chuma cha vitumbua, nikaenda kukaa kwenye kibao chake upande wa kushoto, mbele ya wazee wote wa mtaa. Mchele ulioloweshwa haukuwepo, nikakoroga unga wowote niliouona. Wala sikuwa mpishi. Vya kwanza viliungua, moshi ukajaa barazani mpaka mzee mmoja akakohoa. Niliogopa kwamba Babu atainuka aende zake, na kwamba tutakuwa na msiba wa pili kwa kosa langu.

Nikaitafuta sauti ya Bibi. "Baba Zaina, leo huji kuiba?"

Babu hakugeuka. Nikaweka kitumbua kimoja kwenye sahani, nikaisukuma kuelekea kwake, nikangoja. Nilingoja sana, mwanangu. Mnyororo ukaacha kuzunguka. Kisha mkono ule mweusi kwa grisi ukanyooka, polepole. Nikaugonga kwa upawa, tena kwa woga niliokuwa nao nikaugonga kweli kweli.

"Mikono hiyo. Nenda kanawe."

Alinitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa kimetangulia. Alicheka mpaka akashika nguzo. Rajabu, ambaye alikuwa na kila haki ya kuninunia, akakimbia kuleta ndoo na kipande cha sabuni. Babu akainuka, akanawa mpaka kwenye viwiko, akarudi, akala vitumbua sita. Alipomaliza akafuta midomo, akasema, "Mke mkubwa hakuwahi kuniunguzia." Hapo nilijua tumempata.

Aliishi miaka tisa mingine, na haikuwa miaka ya huzuni. Pikipiki zilipoingia mjini alizitukana mwezi mzima, kisha akaanza kuziziba pancha. Kila Ijumaa alikwenda makaburini kumpa Bibi habari za sokoni. Nami kila likizo nilimgonga vidole, naye akinisifu kwamba nimepunguza kuunguza, ingawa haikuwa kweli.

Alifariki mchana mmoja baada ya adhuhuri, amekaa upande wake wa baraza, spana mkononi. Safari hiyo mwalimu mkuu nilikuwa mimi mwenyewe, na wageni walikuwa wengi kuliko wa mara ya kwanza. Nilijipaka grisi mikono yote miwili kama ya Babu, nikapita kuwapa mkono akina mama wenzangu waliotoka shuleni, na aliyefuata akawa afisa elimu. Alitazama kiganja chake, akanitazama mimi, na Bibi Fatu akatokea nyuma yangu akanigonga vidole kwa upawa. Afisa elimu akacheka kuliko wote. Jeneza lilipofika mlangoni, Rajabu akalizuia na ndoo ya maji na sabuni.

"Haendi huyu," akasema. "Mkewe anamsubiri na upawa. Mkimpeleka na grisi mtatugombanisha na Bibi."

Watu walicheka, wakalia, wakalibeba wakiwa bado wanacheka, wakaenda kumlaza pembeni ya mkewe. Nilimlilia sana babu yangu siku ile, na nilifurahi sana, na sijapata kuona msiba mzuri kama huo.

Basi nasaha zangu ni hizi, mwanangu. Usimwonee haya aliyekufa kwa ajili ya walio hai waliokuja na gari. Mtani anayevaa nguo ya marehemu anawaonyesha watu jinsi marehemu alivyopendwa, mpaka kwenye mwendo wake na ugomvi wake mdogo wa asubuhi. Mwache afanye kazi yake. Na kesho nenda kwa yule mtani uliyemfukuza, umwamkie vizuri, umwombe radhi, kama nilivyomwomba Rajabu. Tena utakapoolewa, usiogope mume wa kukutania kila siku kwa jambo lile lile. Ogopa siku atakayonyamaza.

Upawa wenyewe uko jikoni kwangu, umening'inia nyuma ya mlango. Wewe ni mjukuu, kwa hiyo ni wako. Nikiondoka, vaa miwani yangu hii ya kamba, uwapange wageni mstari kama watoto wa darasa la kwanza, uwakague kucha. Afisa elimu akiwepo, mwanzie yeye.

Mwenyezi Mungu akupe mwenza wa kukugombeza kwa mapenzi, akupe umri mrefu wa kugombezwa, na mwisho wako akupe mjukuu asiyeona haya. Amin. Haya, chakula kimeiva. Mikono hiyo, mwanangu. Nenda kanawe.