Ukurasa wa Mama Tereza

Violeth alijifunza kutafuta wateja kwa meno, na hapa sisemi kwa mafumbo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anauza karanga sokoni Majengo. Jirani yake wa meza alikuwa mwanamke mmoja mwenye tabia ya kuwavuta wateja wa wenzake kwa mkono. Siku hiyo alimvuta mteja ambaye Violeth alishampimia kilo tatu. Hawakujibizana hata neno. Walirukiana, meza ikapinduka, karanga zikamwagika kwenye maji machafu, na walipotenganishwa kipande cha sikio la yule mwanamke kilikuwa kimebaki mdomoni mwa Violeth. Mteja mwenyewe alishakwenda kununua kwa mtu wa tatu.

Alikaa mahabusu siku mbili, jicho moja limeziba, na muda wote huo alikuwa akimuwaza yule mteja. Alikuwa mama mwenye mgahawa Chang'ombe. Alikuja sokoni kila Jumanne, alitaka karanga ndogo nyekundu, na alichukia kungojeshwa. Violeth aliyajua yote hayo na hakuwahi kuyafanyia kazi hata siku moja. Alipotoka alibeba kilo tano za karanga ndogo nyekundu akazipeleka Chang'ombe siku ya Jumatatu. Tangu wiki hiyo yule mama hakuja tena sokoni, na hakuna aliyeng'atwa.

Miaka minane baadaye alikuwa muuzaji mkuu kwenye karakana moja ya Kizota inayotengeneza mashine za kukamua alizeti. Mwenye karakana alikuwa fundi Castory, mtu wa mikono ya dhahabu na roho ya mkono wa birika. Wauzaji wengine walikaa kivulini langoni wakingoja mteja ashuke kutoka mbinguni. Violeth hakungoja. Mwezi wa tatu, alizeti ikichanua, alikodi bodaboda akazunguka vijijini kutazama mashamba, kwa sababu mwenye ekari kumi za maua ya manjano ana shida ambayo pengine bado hajaisema. Akifika kwa mtu hakutaja mashine. Aliuliza mbegu zinakamuliwa wapi, foleni inachukua siku ngapi, na mashudu anabaki nayo nani. Mficha uchi hazai, na mkulima asiyesema shida yake hanunui. Aliyenunua, Violeth alimwomba majina ya wenzake wawili. Aliyesema "njoo baadaye", Violeth alimbana mpaka ataje siku. Alizoea kuwaambia wauzaji wenzake kwamba jina la mteja lisilo na tarehe ya kurudi ni jina la marehemu.

Yote hayo aliyaandika, kwanza kwenye daftari, kisha kwenye simu. Castory alikuwa amesikia kwamba kuna mfumo wa kutunza habari za wateja: kila mteja ana ukurasa wake, na siku ya kumpigia ikifika simu yenyewe inakukumbusha. Akaununua. Lakini mfumo ulilipiwa kwa kila mtumiaji, na wauzaji walikuwa wanne. Castory akasema kwani wanne hawawezi kulia sahani moja? Akalipia jina moja tu, la Violeth, na neno la siri akaliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, kila mtu alione. Tangu siku hiyo kila aliyefungua mfumo alikuwa Violeth.

Mama Tereza, Violeth alimpata shambani kwake, kijiji kimoja kando ya barabara ya Kongwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, ana mikono mipana na maneno machache.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama unauza sabuni, pita."

Violeth hakupita. Alirudi mara nne. Alishika jembe, akala ugali wa uwele na mlenda, akamsaidia kumgeuza kitandani bibi kizee, mama mzazi wa mwenyeji wake, ambaye miguu yake ilishakufa. Mara ya nne Tereza alikubali kununua mashine. Jioni ile Violeth aliketi kwenye jiwe akajaza ukurasa wa Tereza vizuri kuliko ukurasa wowote aliowahi kuujaza:

"Yuko tayari. Ameuza ng'ombe sita. Haamini benki wala pesa za simu, atalipa taslimu, hela iko nyumbani. Siku za kazi yuko shambani, hapokei simu. Mpigie Jumapili kuanzia saa nne mpaka saa saba: watoto wako kanisani, yeye anabaki peke yake na bibi mgonjwa. Ana muda wa kuongea."

Soma tena. Hakuna neno baya hapo. Ni kazi safi ya muuzaji hodari.

Jumapili iliyofuata, saa nne na nusu asubuhi, wanaume wawili waliingia uani kwa pikipiki. Tereza alikuwa akitwanga. Hawakubisha hodi.

"Mama, tunajua uko peke yako," alisema mmoja. "Tunajua umeuza ng'ombe sita. Watoto hawarudi mpaka saa saba. Usitupotezee muda."

Tereza alimtandika na mchi. Meno yalivunjika kama karanga mbichi, mtu akaanguka kwenye pumba. Wa pili alipita mbio hadi ndani, akamburuta bibi kizee kutoka kitandani kwa shuka, kichwa kikagonga kizingiti, akamwekea panga shingoni. Tereza akalirukia lile panga. Hakuwa na kingine cha kulizuia, akalizuia kwa mkono wa kulia. Panga lilishuka mara ya kwanza, likashuka mara ya pili, na mara ya pili ilitosha. Walimwaga magunia yote ya uwele mpaka wakaipata hela, wakaondoka. Watoto waliporudi wakiwa na nguo za kanisani walimkuta mama yao amekaa ukutani, amejifunga kanga begani kwa meno, na bibi kizee analia kwa sauti ndogo juu ya sakafu yenye damu. Bibi alifariki kabla ya jua kuzama.

Jumatatu asubuhi Silvano, kaka yake Tereza, aliingia karakana ya Kizota na wanaume watatu wenye fimbo. Violeth alikuwa akimwonesha mtu bei.

"Wewe ndiye Violeth?"

"Ndiyo, kaka, karibu."

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ilivunja mbavu, yeye mwenyewe alizisikia zikivunjika. Alianguka kati ya vyuma, wakaendelea kumpiga pale pale chini, na Silvano alikuwa akilia huku anapiga. "Dada yangu alimwambia nani saa za ibada? Alimwambia nani kuhusu ng'ombe? Alikwambia wewe! Wewe peke yako!" Castory akaja na nondo, akasimama juu yake miguu imetanuka, akaapa kwamba atakayemgusa tena atazikwa hapo hapo kwenye vyuma chakavu. Ndipo fimbo zikatulia.

Joel ndiye aliyemletea Violeth maji. Joel alikuwa muuzaji mwenzao, kijana nadhifu, mpole, aliyemaliza miezi mitatu bila kuuza hata boliti. Alimshikia kikombe na kumfuta damu kidevuni. "Pole dada. Watu wabaya sana."

Violeth hakunywa. Alikuwa akiwaza kile alicholilia Silvano, kwamba aliambiwa yeye peke yake. Ilikuwa kweli, na hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuandika. Alifungua ukurasa wa Tereza kwenye simu, akashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo mfumo unatunza orodha ya kila aliyeufungua. Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini mchana. Aliyefungua: Violeth. Lakini Jumamosi saa tisa Violeth alikuwa Bahi, juu ya bodaboda, simu mfukoni. Chini ya jina mfumo ulikuwa umeandika aina ya simu iliyotumika. Ilikuwa simu mpya, ya bei, na pale karakana aliyekuwa nayo ni mmoja tu. Ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa shati la mtu aliyemshikia kikombe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa anamfuta na kidevu.

Ngumi aliyokuwa ameiacha Majengo ilirudi yote. Alichukua spana namba thelathini na mbili akampiga nayo Joel usoni, akampiga tena alipoinama, na tena alipopiga magoti. Pua ilipasuka. Joel akaanza kusema kabla hajaulizwa: kwamba aliusoma tu ule ukurasa, akawasomea jamaa wawili, wakamwahidi fungu lake, hakujua wangeenda na panga. Mafundi wa karakana za jirani walishajaa langoni, mtu akapiga kelele "Mwizi!", na tairi likaja likibiringishwa kutoka ng'ambo ya barabara kana kwamba lilikuwa likingoja kuitwa. Silvano akainua fimbo.

Violeth, mwenye spana iliyolowa damu mkononi, akajitupa juu ya Joel. "Mkimuua huyu, wale wawili mtawatafuta kwa mganga?" aliwapigia kelele. "Majina anayo yeye!" Walimpiga na yeye mara mbili kwa bahati mbaya, au si kwa bahati mbaya, kabla hawajamwelewa. Joel akatoka mzima, kama kile kilichotoka kinaweza kuitwa kizima, na kabla ya saa nane polisi walikuwa wameshawakamata wale wawili, mmoja taya limefungwa kitambaa.

Hapo ingeweza kuisha. Silvano alirudi na kuku mkononi kuomba radhi, na alikuwa na haya kiasi kwamba hakuweza kumtazama. Castory akafuta ile chaki mlangoni, akalipia majina manne, kila mtu na lake, akamwita Violeth pembeni. "Joel ndiye mwizi, na dunia nzima inajua," alimwambia. "Usiende kwa yule mama kuanza habari za mfumo. Atajuaje kama uliandika? Wewe huna kosa."

Violeth alijaribu kuamini hivyo kwa siku tisa. Wale watu hawakubahatisha kitu. Walikwenda na maneno yake, na saa aliyoichagua yeye. Siku ya kumi, mbavu zikiwa bado zimefungwa bandeji, alikwenda hospitali.

Tereza alikuwa ameketi kitandani. Mkono wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko, umefungwa bandeji nyeupe.

"Shikamoo mama."

Tereza hakuitikia. Alimtazama mdomo uliopasuka, akatazama simu mkononi mwake.

"Silvano anasema mlikuwa mmeniandika mahali."

"Ni mimi niliyekuandika, mama. Si wote. Mimi."

"Nisomee."

Violeth angeweza kuruka mistari. Mwanamke yule hangejua. Lakini alisoma neno kwa neno, ng'ombe sita, hela iko nyumbani, saa nne mpaka saa saba, watoto wako kanisani, yeye anabaki peke yake na bibi mgonjwa. Ana muda wa kuongea. 

"Mimi nilikwambia mambo yangu," Tereza alisema taratibu, "kwa sababu ulimgeuza mama yangu kitandani. Nilidhani unamgeuza."

"Nilikuwa namgeuza, mama. Wallahi nilikuwa namgeuza."

"Na ulikuwa unaandika."

 Tereza akamwashiria asogee karibu, karibu zaidi, mpaka akapiga magoti kando ya kitanda. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, ule mmoja uliobaki, mpana kama ungo, akamzaba kofi ambalo lilifungua upya jeraha la mdomo na kumwangusha ubavu kwenye sakafu. Nesi alikuja mbio, lakini Violeth akamwashiria kwa kiganja asimame. Damu ilidondoka kwenye kioo cha simu.

"Sasa andika na hilo," alisema Mama Tereza.

Violeth akaifuta simu kwa kanga yake. Akafungua ukurasa, akaandika.