Uso wa Kulwa

Nilipokuwa mtoto, kujitazama kwenye kioo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja chungu. Watoto wengine hawakuhusika, ni mimi tu. Nilizaliwa pacha, na mwenzangu, Kulwa, alifariki kwa homa kabla hatujaanza shule. Bibi yangu mzaa mama alisema pacha aliyebaki asijione uso mpaka meno yote ya utoto yamtoke, maana akijiona atamwona mwenzake, na mwenzake akishaonekana atamwita. Hata maji ya kunawa nilitakiwa niyakoroge kwa mkono kwanza, ndipo niiname.

Leo nina saluni mjini Kilosa na nashinda mbele ya kioo kutwa nzima, kwa hiyo unaweza kusema nimelipiza. Ninachokiona humo ni kwamba karibu kila mteja akikaa kwenye kiti hushtuka kidogo. Mmoja ananilalamikia pua yake kubwa, wakati ni pua ya kawaida kabisa. Mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, ananiuliza taa yangu ina nini. Nimekuja kuamini kwamba kila mtu ana uso mwingine kichwani, alioutunga mwenyewe kwa maneno aliyoambiwa zamani na picha mbili tatu alizozipenda, na ndio anaotembea nao mtaani. Mimi wangu haukuwa hata wa kwangu.

Tulikuwa tunaishi Mikumi, mama akiwapikia chakula madereva wa malori, baba akikata miwa Ruhembe na kurudi mwisho wa wiki. Kulwa na mimi hatukuwa na haja ya kioo. Nikimwona ana uji mdomoni, nilifuta mdomo wangu. Yeye alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, alikojikata alipoangukia ukingo wa karai, na watu wote walitutofautisha kwa hilo. Kwangu lilikuwa kovu letu sote wawili. Nikifumba macho ili nijione, niliona uso wenye kovu.

Baada ya maziko mama aliacha kuniangalia. Hakunipiga wala kunifokea. Alinipa chakula akitazama sahani. Kunisuka alinisuka vizuri tu, maana kisogo changu hakikumsumbua. Siku moja akiniogesha alishindwa, akaacha kopo kwenye ndoo na kuingia ndani kulia, nami nikabaki uani na sabuni machoni. Wiki hiyo bibi alinichukua kwenda kwake Vidunda, mlimani.

Nilimuuliza bibi nimefanya kosa gani. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

“Mama yako akikuangalia wewe anamwona mwenzako,” alisema. “Mwache kwanza apoe.”

Basi nikakaa Vidunda, nikikoroga maji, nikingoja mama apoe na meno yanitoke. Lilitoka moja tu.

Idd ilipokaribia tuliteremka na bibi kwenda Mikumi. Baba alitaka nibaki nianze darasa la kwanza pale. Mama alisema shule za Vidunda nazo ni shule, afadhali nisome huko kwa bibi. Walikubaliana kwamba baada ya sikukuu ndipo waamue. Niliyajua yote haya kwa sababu watu wazima hudhani mtoto anayecheza hasikii. Nilimtaka mama yangu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Asubuhi ya Idd nilimwamkia mama shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akiliangalia gauni alilokuwa ananyoosha. Lilikuwa la njano, lina utepe kiunoni. Miaka yote yalikuwa yananunuliwa mawili ya kufanana, safari hii lilikuwa moja. Alinivalisha, akanigeuza, akanifunga vifungo vya mgongoni na kurudi jikoni kwenye pilau.

Kioo chake kilikuwa ukutani chumbani, kimefunikwa kanga kwa amri ya bibi. Nikajiambia bibi amekataza uso, gauni hajalikataza. Nitaangalia kuanzia shingoni kwenda chini. Nikapanda kwenye kigoda, nikaitoa kanga. Kile kioo hakikuzidi ukubwa wa sahani, na kilichotokea mle kilikuwa uso peke yake.

Alikuwa Kulwa. Watu ninaowasimulia hutegemea niseme niliogopa, lakini nilifurahi mno. Nikacheka, naye akacheka, naye alikuwa na pengo. Kisha nikalitafuta kovu na sikuliona. Nikasogea karibu zaidi. Juu ya jicho palikuwa laini.

“Kulwa,” nikamuuliza kwa sauti, “kovu lako liko wapi?”

Niliposikia mlango nyuma yangu nilijua nimekwisha. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Aliingia, akauweka ule mwiko juu ya kitanda na wali wake, kitu ambacho angemchapa mtu mwingine kwa kukifanya, akanishika kidevu na kunigeuzia kwake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko. Alipitisha kidole gumba juu ya jicho langu la kushoto, akarudia, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

“Kulwa ndiye alikuwa na kovu,” akasema taratibu. “Wewe huna. Wewe ni Doto.”

Nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe. Miezi yote ile naye alikuwa akinichora lile kovu usoni bila kunitazama sawasawa.

Bibi aliingia, akakiona kioo wazi, akaanza kutugombeza sote wawili kwa Kividunda. Mama alimsubiri amalize.

“Mama, huyu anabaki hapa,” akamwambia.

Nikabaki. Nilisoma Mikumi mpaka nikamaliza, na mama aliniangalia hadi nikachoka kuangaliwa.

Bibi alisema nitamwona mwenzangu, na nilimwona, kwa hiyo siwezi kumwita mwongo. Ila Kulwa hakuniita. Siku hizi nafikiri bibi alihofia kitu kingine akakosa namna ya kumweleza mtoto. Mpaka asubuhi ile dada yangu alikuwa bado nami, kila nikifumba macho yupo, na uso wangu ulikuwa wake. Ule uso laini wa kwenye kioo ulikuwa wa mtu mmoja. Mama alipata mtoto siku ile, na mimi ndipo nilipofiwa. Nililia Idd nzima katika gauni langu jipya, na wageni waliokuja kula pilau walidhani nimechapwa.