Halii Huyo, Ni Ugonjwa

Leo nimejua faida ya kulala macho wazi.

Mnaonifahamu mnajua: ugonjwa wa tezi ya shingo umenitoa macho nje, kope hazikutani tena. Nikilala yanabaki nusu wazi. Nyumba nzima imeshazoea.

Basi mchana huu tumechambua kahawa kwenye vichanja vya kuanikia, nikajinyoosha mkekani. Usingizi hata haujaja.

Wifi yangu akaniinamia, akapunga mkono mbele ya uso wangu. Sikutikisika. Nilikuwa nimechoka tu jamani, sikuwa na nia ya kumpeleleza mtu!

"Amelala huyu," akamwambia mama mkwe.

Akakaa palepale. Akanitazama machoni kabisa, akasema: "Kaka ana mwanamke kule Mapera. Mjamzito. Anasema huyu wa hapa akimgeukia kitandani anaogopa."

Kaka, yaani mume wangu wa ndoa ya kanisani.

Mama mkwe akacheka. Eti akacheka! "Tumwache kwanza amalize kuchuma kahawa. Mikono yake haiumwi."

Nyie mngeinuka? Mimi nilishindwa. Machozi yakanitoka.

Wifi akashtuka. "Mama, analia!"

"Halii huyo, ni ugonjwa. Macho yake hutiririka hivyo hata akilala."

Akashika ncha ya kitenge chake, akanifuta taratibu kama mtoto mchanga.

"Enhe, mimba ya miezi mingapi?"

Wifi, wewe huwa wa kwanza kulaiki posti zangu. Hii msomee mama, yeye hana simu.

Na kahawa iliyobaki mkachume wenyewe.