Tandiko Lisilofungwa

Jumamosi, tarehe 5 Juni 1965, katika ukurasa wa arobaini na mbili wa daftari la ndoa la kanisa, bibi harusi alichora msalaba mahali pa sahihi. Kalamu ilimvujia, ikaacha doa dogo kama punje ya mchele. Ndiyo maandishi pekee aliyowahi kuyaacha duniani. Kusoma hakujua, kuandika hakujua, wala hakuona haya. "Mungu ananijua kwa sauti," alikuwa akisema. "Barua yangu aisome ya nini?"

Kwa miaka ishirini na saba alifua mashuka ya hospitali. Alizaa watoto watatu, akamzika mume, kisha akamzika binti yake wa kati. Mtoto aliyeachwa na binti huyo alimlea mwenyewe. Mjukuu huyo alipokua akaajiriwa kwenye duka la dawa, hakuhama. Waliishi wawili katika vyumba viwili, wakitaniana kutwa.

"Mke mwenzangu," bibi humwambia asubuhi, "chai hii umeitia sukari au umeionyesha tu?"

"Nimeionyesha, bibi. Daktari alisema hivyo."

"Daktari huyo hakuolewa na babu yako. Angejua sukari ni haki yangu."

Kazi ya mikono yake ilikuwa kufuma. Alifuma vitambaa vya meza, vya makochi, vya altare, na matandiko ya vitanda, yote kwa sindano moja ya chuma yenye ndoano nchani. Hakuhesabu vitanzi kwa namba. Alivihesabu kwa Sala ya Bwana, kila silabi kitanzi kimoja; sala mbili zilitosha upana wa kitanda. Akifika Amina ya pili, anageuza safu. Katikati ya safu hakuitikia hodi ya mtu, hata ya mchungaji. Majirani walizoea kusimama mlangoni wakingoja Amina kama wagonjwa kwenye dirisha la dawa.

Alikuwa na sheria moja. Kazi haifungwi mpaka mwenyewe aje. Kitanzi cha mwisho alikiacha wazi, akakishika kwa pini, akalikunja tandiko na kuliweka sandukuni. Siku mwenyewe akija, bibi humketisha, humwekea mkono kichwani, humwombea kwa sauti, kisha huchomoa pini, hupiga fundo na kukata uzi kwa meno. Vidole vyake vilikwenda mbio, na macho ya wengine wakati huo huwa yamefumbwa kwa maombi. Hivyo hakuna aliyewahi kuliona fundo lile likipigwa.

Wote katika familia walikuwa wameshafungiwa matandiko yao isipokuwa mmoja, kitindamimba, ambaye mjukuu alimwita mjomba. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchimba visima, mbali, siku tatu kwa barabara. Kwa miaka kumi na tisa alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Mwakani, mama. Mungu akipenda."

"Mungu alishapenda, mwanangu. Tunakusubiri wewe."

Na kwa kuwa tandiko lake halikufungwa, bibi alipomkumbuka mwanawe alilitoa sandukuni, akachomoa pini na kuongeza safu mbili tatu. Likawa refu kuliko kitanda chochote. "Atakuwa amerefuka," alisema, akacheka.

Mjukuu aliuona ugonjwa kwenye uzi kabla hajausikia kwenye maneno. Ukingo wa tandiko, ulionyooka miaka yote kama ukuta, uliingia ndani upana wa kidole. Safu iliyofuata, vidole viwili. Akaketi karibu akasikiliza. Bibi alikuwa anasali kama kawaida, kwa utulivu, lakini ule mstari wa mkate haukuwamo. Aliuruka akafika Amina mapema, akageuza. Wiki chache baadaye msamaha nao ukatoka.

Daktari alimpima akasema hili halina dawa, litakwenda mbele tu. Mjukuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapa watu dawa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja tu: mjomba aje kabla bibi hajalisahau fundo. Akampigia.

"Mjomba, njoo sasa. Bado anajua kufunga."

"Nimeomba ruhusa, mpwa wangu. Kisima hiki kikitoa maji tu, nakuja."

"Miaka kumi na tisa, mjomba. Hivyo visima vyote vikavu?"

"Usinikejeli. Hii si kazi ya kukaa kwenye kiti na kupanga chupa."

"Basi nisikejeli. Njoo."

Hakuja. Sala ikafupika, na tandiko nalo likapungua upana, safu baada ya safu, mpaka likawa na mkia. Mwisho bibi alibaki na maneno mawili, "Baba yetu." Vitanzi vinne, anageuza, vitanzi vinne, anageuza. Mkia ule ulifika urefu wa mkono.

"La nani hili, dada?" alimuuliza mjukuu siku moja.

"La kitindamimba wako, bibi."

"Mimi nina watoto?"

"Watatu, bibi."

Bibi akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa mgeni.

Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, sindano ikiwa mapajani. Mjukuu alikishika kitanzi kwa pini, kama ilivyo sheria, akalikunja tandiko. Mjomba alipigiwa simu, na safari hii kisima hakikutajwa. Alisema atafika Ijumaa.

Mama mkubwa, binti wa kwanza wa bibi, ndiye aliyeshika shughuli. Ni mwanamke wa usafi na mpangilio. Kufuma hakukumwingia kichwani tangu utotoni. Alitaka kaka yake mdogo akifika alikute tandiko lake limetandikwa kitandani kwa mama, jeupe. Jumatano akalichukua kwenda nalo kwake, kwenye mashine ya kufulia. Mjukuu alikuwa kanisani na wapambaji.

Alhamisi asubuhi alirudi na beseni. Ndani yake mlikuwa na rundo la uzi mweupe, umelowa, umejikunja kama tambi.

"Pini ilikuwa wapi?" mjukuu aliuliza.

"Niliitoa. Ingeshika kutu, ikatia doa."

"Uliitoa."

"Si pini ya maombi ile? Nikajua mama ameshakwenda, maombi yatafanywa na mchungaji." "Uzi ukawa umezunguka ndani ya mashine. Nikawa nauvuta niuokoe. Kila nikivuta, unakuja. Nikasema labda unaishia hapa. Unakuja tu, mwanangu."

Hakuwa peke yake. Nyumba nzima ilikuwa imeiheshimu pini ile kwa nusu karne kama jambo la ibada, na hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa pia inashikilia uzi.

Ule mkia ndio uliofumuka kwanza, kisha safu pungufu, kisha zile nzima. Kilichosalia ni ukanda wa upana kamili, kimo cha vidole vinne, safu za mwanzo kabisa, za mwaka aliokuwa anaijua sala yote. Mjukuu aliurudisha ukanda kwenye pini, akaketi na sindano. Alisali kwa sauti, kila silabi kitanzi, kama alivyosikia tangu akiwa mdogo. Safu yake ilitoka imelegea, ikapindukia nje. Akaifumua. Akajaribu tena mara tano. Safu ya tano ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Mjomba alifika siku moja kabla ya ahadi, Alhamisi saa kumi jioni. Kichwa chote mvi. Alisimama mbele ya beseni bila kuvua koti.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mjomba."

Akaushika ukanda kwa vidole vyake vinene vyenye makovu ya mitambo. "Basi nifungie. Mwenyewe nimekuja."

"Silijui fundo lake."

"Umekaa naye miaka yote hiyo usimuulize?"

"Na wewe miaka yote hiyo usije?"

Mama mkubwa alisema, "Nyamazeni, jamani. Mama bado hajazikwa." Mjomba akauweka ukanda juu ya rundo, akafuta mikono kwenye suruali.

Bibi anazikwa Ijumaa saa nane mchana. Jumatatu mjomba anarudi kazini, wanaanza kisima kipya. Mwisho wa mwezi vyumba vinarudishwa kwa mwenye nyumba, na uzi, ukishakauka, mama mkubwa ataufungia miche ya nyanya.